Jagi, Siki na Chokaa: Historia Fupi ya Bahari ya Sebuleni

Usiku ule stima ilipopotea Nyali, mama yangu alisimama kando ya tangi la samaki la watu akimwaga maji hadi alfajiri. Alikuwa na jagi la plastiki, lile la juisi. Anachota, anainua mkono, anamwaga. Anachota tena. Mimi nilikuwa darasa la sita, nimemtembelea kazini likizo ya Agosti, na kazi yangu ilikuwa kushika tochi.

"Inua kidogo, mwanangu," akasema, "nimwone yule wa manjano kama bado anapumua."

Wenye nyumba walikuwa wamesafiri. Pampu zilikuwa zimenyamaza, na tangi la maji ya chumvi likinyamaza halina muda mrefu. Hewa iliyoyeyuka ndani ya maji inaisha, samaki wanapanda juu na kufungua midomo, matumbawe yanajikunja. Mama hakuwa amesomea kemia. Alijua tu kwamba maji yakianguka kutoka juu yanaingia na hewa. Stima iliporudi asubuhi, samaki wawili walikuwa wamekufa na wengine wote walikuwa wazima. Mama alilala saa moja kule SQ, kisha akaamka akatengeneza chai.

Nimelikumbuka jagi lile kwa sababu ya gumzo ninalolisikia siku hizi. Kuna vijana hapa Nairobi na kule Mombasa wanaofuga viumbe wa baharini nyumbani, na wakikutana hadithi yao kubwa ni gharama. Chumvi maalum ni ghali. Vifaa vya kupima maji ni ghali. Chupa za madini zinatoka ng'ambo, weka ushuru juu yake. Kwa hivyo wanapeana ujanja: siki ya kusafishia pampu, baking soda badala ya chupa ya dukani, mswaki mzee, stokingi ya kufungia makaa ya kuchujia, feni ya mezani ya kupoza maji. Wengi wanausimulia ujanja huu kwa aibu kidogo, kama kitu cha kufanya mtu akingojea mshahara uongezeke.

Historia inasema vingine. Bahari ya sebuleni ilianzia jikoni, na duka lilikuja baadaye sana. Lakini tangu siku ya kwanza kulikuwa na swali moja ambalo bei ya chupa haiwezi kulijibu: ukiokoa pesa, ni nani amelipa badala yako?

Sindano, uzi na kijakazi

Twende kwanza Torquay, mji wa pwani kusini-magharibi mwa Uingereza, mwaka 1846. Anna Thynne, mke wa kasisi wa Westminster Abbey, yuko huko mapumzikoni. Anaona matumbawe ya maji baridi, yale madogo yanayoishi mojamoja kama vikombe juu ya mwamba, na anataka kurudi nayo London. Wakati huo hakukuwa na duka lolote la vifaa vya akwariamu. Hata hilo neno akwariamu watu walikuwa hawajaanza kulitumia kwa maana tunayoijua leo.

Basi alitumia alichokuwa nacho. Alichukua sindano na uzi, akayashona matumbawe kwenye sponji ili yasigongane njiani. Akayatia ndani ya mtungi wa mawe uliojaa maji ya bahari. London akayahamishia kwenye mabakuli ya kioo. Shida ikawa maji yenyewe. Bahari iko mbali, na kuletewa maji kila mara ni kazi na gharama. Akaamua kwamba maji yaleyale yamwagwe kutoka chombo hadi chombo mbele ya dirisha lililo wazi, kwa nusu saa hadi dakika 45, ili yapate hewa.

Nani aliyamwaga? Mfanyakazi wake wa nyumbani. Katika makala aliyochapisha mwaka 1859, Thynne alikiri kwamba kazi ile bila shaka ilichosha, lakini akasema alikuwa na kijakazi mdogo aliyependa kumridhisha na aliyeiona kama burudani. Jina la msichana huyo hakuliandika.

Niliposoma hapo nilizima simu nikakaa kimya. Kati ya msichana yule na mama yangu kuna zaidi ya miaka 150, bahari mbili na lugha mbili, na mkono unafanya kitu kilekile: chota, inua, mwaga. Sijui kama mama aliona burudani. Sikumbuki akicheka.

Mwaka 1847 Thynne aliongeza mwani ndani ya mabakuli. Mwani ukipata jua unatoa oksijeni, kwa hivyo sehemu ya kazi ya kijakazi ikahamia kwa mmea. Matumbawe yaliishi miaka, yakazaana, naye akayachunguza na kuandika alichoona. Kuna wanahistoria wanaolihesabu tangi lake kati ya matangi ya kwanza ya bahari yaliyojitegemea kwa muda mrefu, mbali na pwani.

Hakuwa mwanamke wa kwanza. Jeanne Villepreux-Power, Mfaransa aliyeanza maisha kama mshonaji nguo, alihamia Messina katika kisiwa cha Sicily, na mwaka 1832 alibuni matangi ya kioo ili kumchunguza argonauta, jamaa wa pweza anayeishi ndani ya gamba jembamba. Wasomi walikuwa wakibishana: je, gamba lile ni lake, au ameliiba kwa kiumbe mwingine kama kaa anavyofanya? Mshonaji alikaa akatazama mpaka akapata jibu. Argonauta anajijengea mwenyewe, na likivunjika anaweza kuliziba.

Hao ndio waanzilishi: mwanamke mwenye sindano, mwanamke mwingine mwenye sindano, na msichana asiye na jina mwenye mitungi miwili. Wanaume wenye vitabu walifuata.

Chumvi ya mezani si bahari

Mwaka 1845 serikali ya Uingereza ilifuta kodi ya kioo, na kioo kikaanza kuingia nyumba za watu wa kawaida. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungua jengo la samaki, na mtu aliyehusika sana kulijaza viumbe wa baharini alikuwa Philip Henry Gosse. Mwaka uliofuata Gosse alichapisha kitabu chake *The Aquarium*, na taifa zima likashikwa na homa ya matangi.

Mwaka huohuo wa 1854 alitoa kitu chenye faida zaidi kwa mtu anayeishi mbali na bahari: maelekezo ya kujitengenezea maji ya chumvi. Sababu aliitaja bila kuzunguka. Kuagiza maji halisi kulikuwa na usumbufu, kulichelewa na kulikula pesa. Viungo vyake vilikuwa vinne tu: chumvi ya mezani, chumvi ya Epsom, kloridi ya magnesiamu na kloridi ya potasiamu. Ile ya Epsom wazee wetu wa Pwani waliijua kama haluli, dawa ya kusafisha tumbo, na hadi leo unaipata kwa kemisti.

Angalia hivyo viungo kwa makini, kwa sababu hapa ndipo wabanaji wengi wa matumizi huzama. Wanasikia kwamba Gosse alitumia chumvi ya mezani, wananunua pakiti mbili za supamaketi, wanakoroga, wanatia samaki. Wiki haiishi.

Sababu unaweza kuielewa ukiangalia jinsi chumvi inavyotengenezwa kule Gongoni, kaskazini mwa Malindi. Maji ya bahari yanaingizwa kwenye madimbwi mapana, jua linayakausha polepole. Kwanza inatuama chokaa na jasi. Kisha inaganda chumvi tunayotia kwenye ugali. Maji machungu yanayobaki yana magnesiamu nyingi, na hayo yanaondolewa. Kwa maneno mengine, chumvi ya mezani ni bahari iliyonyang'anywa vitu vingi. Samaki na matumbawe wanavihitaji vile vilivyotolewa. Gosse alilijua hilo mwaka 1854, ndiyo maana akaongeza viungo vingine vitatu. Vitu vya nyumbani vilimsaidia kwa sababu alijua kila kimoja kimebeba nini na kimekosa nini.

Lakini homa ile ilikuwa na bili, na bili ikatumwa ufuoni. Watu waliosoma vitabu vya Gosse walishuka pwani ya Devon na nyundo, patasi na ndoo. Walibandua kila kilichobanduka. Matangi mengi yalikufa baada ya wiki chache, na wenyewe wakarudi kuchota tena, si ni bure? Mwanawe Gosse, Edmund, alikuja kuandika mwaka 1907 katika kitabu chake *Father and Son* kwamba vidimbwi vile vya mawe vya utotoni mwake vilikuwa vimeporwa na jeshi la wakusanyaji, na kwamba baba yake alihuzunika kuona mlango aliofungua yeye mwenyewe ndio uliopitisha uharibifu.

Kwa hivyo kufikia hapo tayari tuna walipaji wawili: mkono wa kijakazi, na ufuo.

Chokaa ya Lamu, chokaa ya Wajerumani

Kwa takriban miaka mia baada ya Gosse, kufuga matumbawe ya kitropiki nyumbani kulikuwa ni kuyatazama yakifa. Samaki waliwezekana, matumbawe yaligoma. Watu walinunua mashine kubwa zaidi, vichujio zaidi, dawa zaidi.

Mtu aliyegeuza mambo hakuwa na mashine. Lee Chin Eng aliishi Jakarta, Indonesia, karibu na bahari kama sisi wa Pwani. Mwaka 1961 alieleza katika jarida la *Tropical Fish Hobbyist* njia aliyoiita ya maumbile. Alitumia maji halisi ya bahari, mwanga wa jua, mapovu ya hewa tu, na mawe yaliyotoka baharini yakiwa bado na uhai: bakteria, mwani, minyoo, viumbe vidogo vidogo. Mawe hayo yalisafisha maji bila kichujio. Leo mfugaji yeyote anajua kwamba mawe hai ndiyo ini na figo ya tangi. Wakati ule wengi wa nchi za baridi hawakuweza kumwiga, maana hawakuwa na jua lake wala bahari yake, lakini wazo lilibaki.

Kisha ikaja chokaa.

Tumbawe la mawe ni fundi mwashi. Linavuta kalisiamu na kaboneti kutoka majini na kujenga nayo mifupa yake. Baharini malighafi haiishi. Ndani ya tangi la lita 200 inaisha haraka, na tumbawe linasimama kukua. Peter Wilkens, aliyechapisha kitabu chake kwa Kijerumani mwaka 1973, alieneza dawa iliyo rahisi ajabu: maji ya chokaa. Unachukua chokaa iliyozimwa, yaani hidroksidi ya kalisiamu, unakoroga kwenye maji safi, unaacha ituame, na yale maji maangavu ya juu unayadondosha ndani ya tangi kidogo kidogo kufidia maji yaliyokauka. Chini ya gramu 2 tu ndizo zinazoyeyuka katika lita moja. Kalisiamu inaingia, hewa ukaa inafungwa, tumbawe linapata tofali zake.

Marekani wafugaji waligundua kwamba kitu hichohicho kinauzwa kwenye rafu ya vyakula kwa bei nafuu, kwa ajili ya kutengenezea achari. Duka la samaki liliuza unga uleule kwenye kopo dogo lenye picha ya tumbawe, kwa bei ya picha.

Sasa hebu tusimame kidogo, sisi watu wa huku. Chokaa hii ni ya nani? Kwa karne nyingi mafundi wa pwani ya Waswahili walirundika vipande vya matumbawe juu ya magogo, wakachoma mpaka mawe yakageuka, wakayazima kwa maji, wakapata chokaa ya kujengea. Kuta za Lamu, za Gede, za Kilwa, zimeshikana kwa chokaa hiyo. Fremu za milango na mihrabu zilichongwa kwa tumbawe laini lililokatwa likiwa bado bichi kutoka baharini, kabla halijakauka na kuwa gumu. Babu zetu walichoma tumbawe wakapata chokaa. Wilkens akayeyusha chokaa akalisha tumbawe. Ni kemia ileile inayorudi nyuma kwa njia aliyoijia.

Hii haimaanishi ukimbilie hardware ununue mfuko wa chokaa ya kupaka ukuta. Ile ya ujenzi inaweza kuwa na uchafu mwingine ndani yake, na maji ya chokaa ni makali: kipimo cha pH kinapita 12. Ukimwaga kikombe kizima kwa mara moja unaua kila kitu. Inataka ile ya daraja la chakula, na inataka tone moja moja, usiku kucha ikiwezekana. Kilicho ghali hapo ni subira yako, unga wenyewe si kitu.

Magadi, vodka na oveni

Mwaka 2006 mkemia Mmarekani, Randy Holmes-Farley, alichapisha mtandaoni, bure, fomula ya kutengeneza nyumbani zile chupa mbili za madini ambazo wafugaji walikuwa wakinunua kila mwezi. Chupa ya kwanza ni kloridi ya kalisiamu, ambayo huko kwao inauzwa kwa magunia ya kuyeyushia barafu barabarani. Chupa ya pili ni baking soda. Unaitandaza kwenye sinia, unaioka kwenye oveni saa moja hivi kwenye nyuzi 150, maji na hewa ukaa vinatoka, na kinachobaki ni kaboneti ya sodiamu. Unaiyeyusha, basi. Kuongezea magnesiamu, ile haluli inarudi tena mezani, ikichanganywa na kloridi ya magnesiamu.

Mkenya akisikia kaboneti ya sodiamu anapaswa kutabasamu. Hiyo ndiyo biashara ya Ziwa Magadi. Ganda jeupe linalovunwa pale huchomwa kiwandani na kutoa kitu hichohicho, na kimekuwa kikishushwa kwa reli kwenda Mombasa tangu enzi za ukoloni. Nyanya zetu wametia magadi kwenye maharagwe na mboga kabla hata oveni hazijafika. Lakini, kama ilivyo kwa chumvi, jina moja halina maana kitu ni kimoja. Magadi ya sokoni hayajasafishwa, na yana floridi nyingi, ile inayofahamika kwa kubadilisha rangi ya meno. Tia kwenye githeri ukitaka, kwenye tangi usithubutu. Baking soda ya pakiti ni safi, na bei yake haimtishi mtu.

Siki nayo ina kazi mbili. Ya kwanza kila mtu anaweza: pampu ikishikwa na ukoko mweupe, iloweke kwenye siki iliyochanganywa na maji, sugua na mswaki, suuza sana. Ule ukoko ni kaboneti ya kalisiamu, na asidi ya siki inauyeyusha. Kazi ya pili inataka akili zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wafugaji Wajerumani walianza kutia vodka ndani ya matangi yao, mililita chache kwa siku. Samaki hawalewi. Bakteria wanakula kaboni ya ile pombe, na wakizaana wanabeba naitreti na fosfeti kutoka majini, kisha wanatolewa pamoja na povu. Siki inafanya vivyo hivyo na haina ushuru wa pombe. Ukizidisha, bakteria wanalipuka, wanamaliza oksijeni, na unarudi pale pale kwa mama yangu na jagi lake.

Unaona mtindo? Kila kitu cha nyumbani kilichofaulu, kuanzia uzi wa Thynne hadi oveni ya Holmes-Farley, kilifaulu kwa sababu mtu alikaa akajifunza. Bei ilishuka kwa sababu maarifa yalipanda. Yule anayetaka bei ishuke bila kujifunza lolote, gharama yake haipotei. Inahamia kwa mwingine.

Sabuni ya unga

Naomba nirudi Nyali, kwa sababu kuna kisa sijakisimulia.

Kabla ya usiku ule wa tochi, mwaka wa kwanza wa mama kwenye nyumba ile, aliagizwa kubadilisha maji ya tangi. Hakuna aliyemwonyesha. Fundi wa tangi alikuwa akija kila mwezi kwa malipo, na wenye nyumba waliamua kuokoa pesa hiyo: si yaya yupo? Mama alifanya alichofanya kila siku na kila chombo. Aliosha ndoo kwa sabuni ya unga, akaisuuza vizuri, akachanganya maji. Mabaki ya sabuni ambayo jicho halioni yanatosha kuharibu mashavu ya samaki. Kufikia jioni walikuwa wameanza kuelea.

Mmoja wao peke yake alikuwa na bei kubwa kuliko mshahara wake wa mwezi. Walimkata kidogo kidogo, miezi minne.

Baada ya hapo mama alijifunza tangi lile kama mtu anavyojifunza njia ya kutokea nyumba inayoungua. Alitenga ndoo mbili, akazifunga kitambaa chekundu, hazikuguswa na sabuni tena. Alipiga marufuku dawa ya mbu ya kupuliza sebuleni. Alivua bangili zake za shaba kabla ya kutia mkono, kwa sababu fundi aliwahi kumwambia kwamba shaba ni sumu kwa kamba na konokono. Joto la Januari lilipopanda alielekeza feni juu ya maji, na akaelea chupa za maji yaliyoganda, mojamoja, si zote kwa pamoja. Alikuwa na mswaki wa kioo, mswaki wa pampu, na bomba la sindano la kulishia matumbawe.

Wenye nyumba walipopata wageni walisema tangi lao halina gharama, wanatumia vitu vya hapa hapa nyumbani. Walikuwa wakisema kweli. Mama alikuwa mmoja wa vitu hivyo.

Mlango wa nyuma wa bahari

Mama alizaliwa upande wa Kilifi, si mbali na Vipingo. Huko watu wanalijua tangi la samaki kutoka upande wa pili wa kioo. Kenya imekuwa ikiuza samaki wa mapambo wa baharini kwa ndege kwenda ng'ambo kwa miongo mingi. Wazamiaji wanashuka na vyavu, samaki wanapangwa kwenye mifuko ya maji na oksijeni, na wakifika upande wa pili bei imeshapaa mara nyingi juu ya alichopewa mzamiaji.

Kufikia mwaka 2003 wanajamii wa Kuruwitu, hapo hapo Vipingo, walikuwa na wasiwasi. Bahari ilikuwa imechoka. Uvuvi ulizidi, joto la El Niño ya 1998 lilikuwa limeyapausha na kuyaua matumbawe mengi ya pwani yetu, na juu ya hayo kulikuwa na uchukuaji wa samaki na matumbawe kwa ajili ya akwariamu usio na mwenye kuusimamia. Mwaka 2005 walikubaliana kufunga kipande cha bahari yao, hekta 30, mtu asivue. Fikiria uzito wa uamuzi huo kwa mtu ambaye chakula cha jioni kinatoka majini. Samaki walirudi. Mwaka 2017 kazi yao ilitambuliwa kwa tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa.

Ukilinganisha Devon ya Gosse na Kuruwitu, utaona jambo moja lilitokea tofauti. Devon, aliyehuzunika alikuwa mwandishi, na huzuni yake ikaja baada ya vidimbwi kuwa vitupu. Kuruwitu, walioona hasara ndio waliokuwa wakiilipa, nao wakafunga mlango wenyewe.

Kwa hivyo nikiulizwa na hao vijana wenzangu kuhusu kubana matumizi, huwa sianzii na siki. Nasema hivi: ujanja wa nyumbani ni mzuri, na una ukoo mrefu wa kujivunia. Oka baking soda yako. Loweka pampu yako. Kipande cha tumbawe kilichokatwa kutoka tangi la rafiki na kugundishwa jiweni kwa supagluu ni bora kuliko kilichong'olewa mwambani. Huko Berlin, Dietrich Stüber aligawa vipande vya matumbawe yake kwa wenzake, nao wakagawa, mpaka tumbawe lake likasambaa matangi ya Ulaya bila mtu kurudi baharini na patasi. Huo ni uokoaji wa kweli wa pesa, maana hakuna aliyeachiwa bili.

Lakini ukisikia mtu akisema tangi lake halimgharimu kitu, uliza nani anaosha ndoo.

Juzi nilimpigia mama nikamsomea kile kisa cha Anna Thynne na msichana wa mitungi. Alisikiliza hadi mwisho.

"Nusu saa?" akauliza.

"Hadi dakika 45, mama."

"Na ni kila siku?"

Nikamwambia nadhani ni kila yalipotaka kutumika tena.

Akanyamaza kidogo, nikasikia sufuria nyuma yake. "Huyo alikuwa anaumwa na bega," akasema. "Bega la kulia. Halafu wanaandika alikuwa anacheza."